Muvi za kutafsiriwa huku Mwanga, Kigoma: Narnia ya DJ imeruka sehemu muhimu kuliko zote

Kuna wanaouliza kama lile banda la kuingiza muvi huku Mwanga linafaa, jibu ni ndio linafaa. Muvi moja jero, flashi yako inasafishwa virusi kwanza bila kutozwa, na dogo anayekaa pale ukimwambia tu ile ya simba na watoto wanne anakuuliza unataka Narnia ya DJ, anayeisimulia kwa Kiswahili juu ya picha, au orijino. Nilichukua ya DJ maana nyumbani tunaangalia na bibi na watoto, Kizungu kingewapita.

Kwenye vita huyo DJ hana mpinzani. Ila usiku wa Meza ya Jiwe kaharibu aisee. Kwa ambao hamjaiona, Edmund, mmoja wa wale watoto wanne, kawasaliti ndugu zake kwa Mchawi Mweupe, na sheria ya nchi ile ya Narnia inasema damu ya msaliti ni haki ya mchawi, sasa simba Aslan anakubali afe yeye badala yake. Anaenda usiku, dada zake Edmund, Susan na Lucy, wanamsindikiza wameshika manyoya ya shingo, halafu wanajificha wanaangalia anavyofungwa kamba, ananyolewa manyoya hayo yote, anachekwa, na wala hangurumi. DJ pale anapiga stori za deni la mangi na kutuma salamu kwa washkaji! Asubuhi meza inapasuka, simba huyo mzima, anaeleza kwamba asiye na hatia akijitoa kwa hiari afe badala ya msaliti basi kifo chenyewe kinarudi nyuma. Hayo maneno DJ kayaruka kabisa. Bibi akauliza, "Kumbe hakufa?"

Yaani hapo ndo muvi yenyewe ilipo. C.S. Lewis, aliyetoa kitabu cha muvi hii 1950, ujanani hakuamini Mungu, akarudi kwenye Ukristo 1931, na alieleza mwenyewe kwamba alijiuliza kama kungekuwa na nchi kama Narnia na Kristo akaenda kuikomboa, angeenda kwa sura gani. Akamleta kama simba, fungua Ufunuo 5:5 utamkuta Simba wa kabila la Yuda. Na wale mabinti wawili wanaomlilia mpaka alfajiri, anayejua habari za wanawake waliokwenda kaburini atawatambua palepale.

Wala sio ya Wakristo peke yao. Jirani yetu mmoja wa Ujiji, Mwislamu, simba hakumshangaza hata kidogo maana Hamza, ami yake Mtume, anaitwa Simba wa Mwenyezi Mungu. Yeye alishikwa na yule mchawi, nilipomwambia kitabuni wanasema asili yake ni majini upande mmoja na majitu upande wa pili akasema ahaa, ndo maana anawaogopa hivi wana wa Adamu.

Kwahiyo wanaosema hizi ni muvi za ushirikina watoto wasiangalie siwaungi mkono. Mchawi humu ana nguvu kweli, kaigandisha nchi kwa baridi miaka mia bila Krismasi, lakini iko sheria ya zamani kuliko uchawi wake na yeye haijui, sasa mtoto akiliona hilo kapotea wapi?

Zile tatu za pete, Lord of the Rings, za mwandishi Tolkien, DJ huyohuyo kazitendea haki, yule mzee Gandalf anaporudi toka kufa kwa mavazi meupe DJ kanyamaza kidogo. Kwenye kitabu ile pete ya uovu inateketea tarehe 25 Machi, siku ambayo sisi Wakatoliki tunaadhimisha Bikira Maria kupashwa habari na malaika, na Tolkien alikuwa Mkatoliki wa kweli, sidhani kama aliichagua hivihivi tu.

Dogo wa banda nilipomrudia kaniwekea na orijino bure, hapo nampa maksi zote. Nyie chukueni zote mbili, Meza ya Jiwe muitazame kwenye orijino na mtu mmoja awasimulie wengine, vita mrudi kwa DJ. Na mwenye kopi ya DJ mwingine ambaye yale maneno ya simba hakuyaruka aniambie, hata kama iko Kasulu naifuata.