Mafunzo ya sabuni ya maji kwa vijana Arusha: ndoo zipo, mizani hakuna

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya yule dada wa siku ya pili, nitamfikia.

Jina la taasisi silitaji. Ni moja ya hizi zinazokusanya vijana wasio na ajira ukumbini hapa mjini, bure, zinawafundisha sabuni, batiki na kufuga kuku, halafu picha zinapigwa. Wazo lenyewe silipingi. Kijana wa Unga Limited au Sakina akipata ujuzi wa kutengeneza kitu kinachoisha kila wiki kwenye kila nyumba, ana pa kuanzia. Ninachopinga ni ile ndoo ya lita 20.

Sabuni ilikuwa imeanza kushika vizuri. Mwezeshaji akaagiza chumvi kilo nzima imwagwe kwa mkupuo, kavu, "ili iwe nzito". Muda si muda ikalegea, ikawa kama chai ya rangi. Kijana mmoja akauliza kwa adabu zote, "Samahani mwalimu, mbona imekuwa maji?" Jibu: "Umekuja kujifunza au kunifundisha? Hayo ni maji yenu ya Arusha, yana floridi." Akaongeza chumvi nyingine!

Jamani. Floridi, yale madini ya majini yanayobadili rangi ya meno, huku ipo, meno ya watu wengi kuuzunguka Mlima Meru ni ushahidi. Lakini floridi hupimwa kwa miligramu. Hata maji yenye miligramu 10 kwa lita, ambayo ni mabaya sana ukikumbuka kuwa kikomo cha WHO ni 1.5, yataingiza kwenye ndoo nzima pungufu ya robo gramu. Yeye kaweka gramu 1,000 za chumvi, halafu anasingizia maji.

Chumvi kwenye sabuni ya salfoniki na slesi, zile malighafi mbili zinazoleta povu na kuondoa uchafu, ina kilele chake. Ukiweka kidogo kidogo uzito unapanda. Ukipita kilele unashuka, na kila kijiko unachoongeza kinazidi kuiharibu. Kwa lita 20, gramu 200 hadi 400 mara nyingi zinatosha, inategemea salfoniki na slesi ulizoweka. Hakuna haja ya kukisia. Chota sabuni kwenye kikombe, weka maji ya chumvi kwa kijiko cha chai, koroga, angalia. Ukipata uzito unaoutaka, piga hesabu ya ndoo nzima. Chumvi iyeyushwe kwanza kwenye maji, na iingie ya mwisho kabisa, baada ya manukato, kwa sababu baadhi ya manukato nayo hulegeza sabuni. Ikishapita kilele, dawa yake ni kutengeneza sabuni nyingine isiyo na chumvi na kuichanganya humo taratibu. Kile kijana alichouliza ndicho kilichokuwa somo la siku hiyo, na ndicho alichofokewa.

Kosa la pili halikuonekana kwa macho, na kwangu ni baya zaidi. Salfoniki, ambayo ni tindikali, iliwekwa kilo moja, na soda ashi, unga wa kuituliza, pakiti nzima ya robo kilo. Kilo ya salfoniki ya asilimia 96 inatulizwa na soda ashi kama gramu 160. Zile 90 zilizobaki zinabaki kwenye sabuni, pH (kipimo cha tindikali na magadi, 7 ni katikati) inapita 10, na mama lishe anayeosha vyombo kutwa anapasuka mikono. Harudi kununua, wala hakwambii kwa nini. Karatasi za pH zingetosha kuonyesha: ukiona 7 hadi 8, acha. Hazikuwepo. Mizani haikuwepo. Kila kitu "kikombe" na "pakiti", na pakiti za madukani hazilingani.

Mpangilio ninaouamini ni huu: soda ashi iyeyushwe pembeni kwenye lita mbili za maji, salfoniki iingie kwenye maji kama lita kumi, si maji kumwagwa juu ya salfoniki, ndipo soda ashi ifuate polepole, maana inatoa gesi na ukiharakisha povu linafurika mpaka sakafuni. Slesi ilainishwe kwa maji kidogo kidogo, la sivyo inafanya madonge. Jaza maji, acha povu lilale usiku kucha, asubuhi ndiyo umalizie. Glavu ni lazima, salfoniki inaunguza. Na fomalini, dawa ya kuzuia sabuni isioze, haifunguliwi ukumbini madirisha yamefungwa huku watu wanatokwa machozi na kuambiwa wavumilie.

Hesabu ya ubaoni ilikuwa na malighafi upande mmoja na mauzo upande wa pili. Chupa, lebo na nauli ya kupeleka mzigo soko la Kilombero hazimo. Hiyo "faida" chupa zinakula sehemu kubwa.

Sasa yule dada. Alikuja siku ya pili kueleza mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa 2023 na kurejea 2024. Hakuhubiri. Alipitia katiba ya kikundi kipengele kwa kipengele, akaonyesha vikundi vinapokwama: muhtasari wa kikao usio na saini, akaunti ya benki ya mtu binafsi badala ya kikundi, andiko la mradi lililonakiliwa kwingine hadi jina la wilaya likasahaulika humo. Akaeleza pia kwamba mjasiriamali mdogo mwenye barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, husamehewa ada ya alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, miaka ya mwanzo, hivyo aanze na barua, asianze na kuchapa lebo elfu moja. Kila swali alijibu. Aliyeuliza mara mbili aliitwa "mdogo wangu" na kueleweshwa tena.

Kwa hiyo nyota moja ni kumwonea. Ziwe tatu. Na kusema kweli, kama siku ya kwanza wangempa mtu mwenye mizani ya jikoni na karatasi za pH, ningewapa tano na kumpeleka kila kijana ninayemjua.

Ila mwisho tukatangaziwa kuwa cheti ni shilingi elfu kumi. Kwenye tangazo lao neno BURE liliandikwa kwa herufi kubwa. Na anayekusanya hela mlangoni ni nani? Mzee wa chumvi. Kuulizwa risiti, anasema mtandao unasumbua.

Moja. Nenda siku ya pili tu.