Hot rod ndogo: seti ya plastiki au kigari cha chuma?

Hot rod ni gari la zamani lililofanyiwa mabadiliko ili liende kasi. Kwa mfano mdogo wa Ford ya 1932 iliyoshushwa paa, mimi nachagua seti ya plastiki ya kuunganisha, ya kipimo cha 1:25 (ndogo mara 25 kuliko gari halisi), bila kusita. Unakata nguzo za paa kwa msumeno mwembamba, unapunguza milimita 3 au 4, kisha gundi inayeyusha kingo na kuzishikanisha. Ukipiga msasa vizuri, kiungo hakionekani. Injini nayo unaiunga kipande kwa kipande, hadi nyaya za plagi.

Kigari cha chuma cha 1:64, kama Hot Wheels, ni kazi ya jioni moja: toboa kwa drili ribiti za chini (pini za chuma zinazoshikilia bodi), badilisha magurudumu, basi. Kukata paa lake ni adhabu. Ila rangi ikiharibika, bodi ya chuma huvumilia kiondoa rangi kikali ambacho kingeyeyusha plastiki.