Sanduku la CD nne la Thelonious Monk: rekodi za Blue Note kuanzia 1947

Kama unataka kumsikia Thelonious Monk, mpiga piano na mtunzi wa jazz wa Marekani, kabla dunia haijamkubali, tafuta sanduku hili. Linaitwa The Complete Blue Note Recordings, lilitoka mwaka 1994, lina CD nne. Ndani yake mna vikao vyote sita vya studio alivyoirekodia kampuni ya Blue Note kati ya 1947 na 1952, pamoja na nyongeza mbili za baadaye. Langu ni la mtumba, shemeji yangu alinitafutia huko Ohio anakoishi. Kona moja imebonyea, lakini CD zenyewe hazina hata mkwaruzo. Nafundisha piano hapa Tanga, na hakuna kitu kwenye rafu yangu ninachokitoa mara nyingi kama hiki.

Sababu kubwa ya kulipendekeza ni mpangilio. Nyimbo zimefuata tarehe zilivyorekodiwa, kikao baada ya kikao, na kwa Monk jambo hili lina uzito. Alizaliwa Rocky Mount, North Carolina, tarehe 10 Oktoba 1917. Kikao chake cha kwanza kama kiongozi wa bendi, katika studio za WOR, New York, kilikuwa tarehe 15 Oktoba 1947. Alikuwa ametimiza miaka 30 siku tano tu nyuma. Kwa mwanamuziki wa jazz wa zama zile huko ni kuchelewa sana, maana tungo zake zilishaanza kutembea bila yeye: bendi ya Cootie Williams ilirekodi "'Round Midnight" tangu 1944. Basi Alfred Lion wa Blue Note alipomfungulia mlango, mtu alikuwa amejaa. Vikao vitatu vikafuatana ndani ya wiki tano hivi, nyimbo 14. Ukizisikiliza kwa mfuatano huo unaona jinsi alivyokuwa na haraka ya kuyatoa aliyokuwa ameyaweka moyoni miaka yote ile.

Anza na "Thelonious" kutoka kikao cha kwanza. Wimbo mzima karibu umejengwa juu ya nota moja inayogongwa na kurudiwa, huku kordi zilizo chini yake zikibadilika. Katikati anageuka na kuingia mtindo wa zamani wa piano wa mtaa wa Harlem, New York, ule wa akina James P. Johnson, mkono wa kushoto ukiruka kutoka besi kwenda kordi na kurudi. Anafanya hivyo kwa furaha ya wazi kabisa.

Kikao cha tarehe 24 Oktoba ndicho ninachokipenda kupita vyote. Ni piano, besi ya Gene Ramey na ngoma za Art Blakey, basi. Hapo ndipo zilipo "Ruby, My Dear", "Well, You Needn't", "Off Minor" na "Introspection", pamoja na "April in Paris" na "Nice Work If You Can Get It" ya Gershwin. Wanafunzi wangu wakubwa huwa nawapa "Ruby, My Dear" wasikilize kabla hawajaigusa. Nataka wasikie namna anavyoziweka nota mbili zilizopakana zigongwe kwa pamoja, halafu anaachia moja ili ile nyingine ibaki ikilia peke yake. Hilo haliandikiki vizuri kwenye karatasi. Pia Monk alipiga kwa vidole vilivyonyooka, kinyume kabisa cha tunavyowafundisha watoto kuvikunja kama wameshika chungwa. Sauti ile ngumu, yenye mlio wa kengele, inatoka hapo, na kwenye CD hizi unaisikia bila kificho.

Lorraine, mke wa Lion wakati huo, ndiye aliyezunguka na santuri hizi kwenye maduka ya Harlem akiomba wazichukue. Amesimulia kwamba muuza duka mmoja alimwambia huyu mtu hajui kupiga, ana mikono miwili ya kushoto. Nimewahi kuupiga "Off Minor" pole pole, mkono wa kushoto peke yake, mbele ya darasa. Ule mkono wa kushoto ni shule nzima!

Msomaji wa pwani atayaona pia majina. Tarumbeta ya kikao cha kwanza ni ya Idrees Sulieman. Saksafoni ya alto katika kikao cha tarehe 21 Novemba, kile chenye "'Round Midnight" na "In Walked Bud", ni ya Sahib Shihab. Walizaliwa Leonard Graham na Edmund Gregory, wakasilimu. Art Blakey naye alichukua jina la Abdullah Ibn Buhaina, ingawa kwenye santuri aliendelea kuandikwa Blakey. Wanamuziki weusi wengi wa New York waliingia Uislamu miaka ile ya arobaini, na kijitabu cha sanduku kinachoorodhesha wapigaji wa kila kikao kinakuonyesha jambo hilo bila kulisema.

Kikao cha tarehe 2 Julai 1948 kinamleta Milt Jackson na vibrafoni yake. Sikiliza "Misterioso". Ni bluzi ya vipimo 12 tu, lakini wimbo wake unapanda ngazi kwa mwendo mmoja usiobadilika, nota ya chini kisha ya juu, hata unajiuliza bluzi yenyewe iko wapi. Kisha Jackson anaanza kupiga kwa utamu wote alio nao, na Monk nyuma yake anaweka nota chache, kavu, kila moja mahali ambapo mtu mwingine asingefikiria. "Evidence" ni ya kikao hichohicho: milipuko mifupi na ukimya katikati yake. Nyimbo mbili alizoimba Kenny Hagood siku ile huwa naziruka. Sauti yake ni laini mno kwa piano hii.

Kikao cha 23 Julai 1951 ndicho kilichotoa "Straight, No Chaser" kwa mara ya kwanza, na "Four in One" ambayo vidole vyangu bado havijaimudu kwa kasi yake. Wiki chache baadaye polisi walimkamata Monk pamoja na mpiga piano mwenzake Bud Powell, akanyang'anywa kibali cha kupiga katika kumbi za New York zinazouza pombe, na hakukipata tena hadi 1957. Kikao cha mwisho, 30 Mei 1952, kina bendi kubwa zaidi, Max Roach akiwa kwenye ngoma. Kizuri, ila kwangu hakifikii kile cha watu watatu.

Nyongeza sasa. Ya kwanza ni ya Aprili 1957, Monk akiwa mgeni wa mpiga saksafoni Sonny Rollins. Humo mna "Misterioso" nyingine ambayo Monk na Horace Silver wanapokezana piano. Hiyo peke yake ni somo. Ya pili ni Monk na mpiga saksafoni John Coltrane ukumbini Five Spot, 1958, iliyonaswa na Naima, mke wa Coltrane, kwa mashine ndogo ya kanda. Inajaza CD ya nne. Coltrane anawaka, lakini piano iko mbali na sauti ina ukungu. Mimi huiweka nikiwa na utulivu na siisikilizi nikiwa jikoni.

Kuhusu sauti ya vikao vya mwanzo, usitegemee makubwa. Vilirekodiwa kwa ajili ya santuri za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja dakika tatu hivi, ndiyo maana kila wimbo ni mfupi na umebanwa. Besi huzama. Piano na ngoma za Blakey ziko mbele na zina uhai, na hizo ndizo unazozihitaji. Spika za kawaida zinatosha.

Kinachochosha ni matoleo ya ziada. Pale Monk aliporekodi wimbo mara mbili, sanduku linakupa yote mawili yakifuatana. Kwa mwalimu ni hazina: "Well, You Needn't" mara mbili siku moja, unasikia kipi alikiamua mapema na kipi alikibuni papo hapo. Kwa mtu anayetaka kusikiliza tu baada ya kazi, ni usumbufu. Tengeneza orodha yako, ondoa marudio.

Watakaouliza kuhusu santuri za asili: zipo, na bei yake inapanda. LP (santuri ndefu) mbili za Genius of Modern Music za mwaka 1956 zina namba BLP 1510 na 1511. Toleo la kwanza lina anwani ya Lexington Ave kwenye lebo, herufi RVG za fundi Rudy Van Gelder karibu na lebo, na alama ndogo ya kiwanda inayofanana na sikio. Kumbuka kwamba hata hizo zimetokana na rekodi zilizotengenezwa kwa ajili ya santuri za 78, hivyo bei kubwa haikununulii sauti ya ajabu. Kuna pia sanduku la LP nne la kampuni ya Mosaic la 1983, toleo la kwanza kabisa la kampuni hiyo, nakala 7,500 tu. Ni zuri sana. Lakini mimi naishi karibu na bahari, na majalada ya santuri za marehemu baba yameota ukungu hata yakifungiwa kabatini. Kwa hali ya hewa ya Tanga, CD.

Sanduku hili haligusi rekodi zake za nyuma kabisa, zile za klabu ya Minton's za 1941 na zile nne alizopiga na mpiga saksafoni Coleman Hawkins mwaka 1944. Wala halina za kampuni ya Prestige, zilizoanza baadaye mwaka ule wa 1952. Hizo utazitafuta peke yake.

Fedha ikiwa haitoshi sanduku zima, nunua CD moja ya Genius of Modern Music, Volume One. Ina vikao vyote vitatu vya 1947. Kikao cha 1948 utakipata kwenye CD ya Milt Jackson iitwayo Wizard of the Vibes. Ila soma orodha ya nyimbo kabla hujalipa, kwa sababu LP ya 1956 na CD zina jina moja na yaliyomo si yaleyale. Ukiona "Misterioso" na "Epistrophy" kwenye Volume One, huo ni mpangilio wa zamani, uliochanganya 1947 na 1948 na kuacha baadhi ya nyimbo za 1947 kwenye Volume Two. Usipoziona, chukua.