Niliuziwa jezi ya Samatta "iliyovaliwa Wembley": tuikague kwa tochi

Wadau, karibuni. Leo salamu fupi maana nina hasira, na sababu ya hasira iko hapa mezani. Ioneni. Aston Villa, msimu wa 2019/20, mwili damu ya mzee, mikono bluu ya mbingu, mgongoni SAMATTA, namba 20. Kappa ndio watengenezaji, W88 ya mdhamini kifuani, hayo mnayajua, siwapotezei muda.

Aliyeniuzia aliniambia hii ndiyo aliyoivaa Samagoal Wembley, Machi 1, 2020, fainali ya Kombe la Ligi na Manchester City. Nikatoa laki sita. Laki sita, wadau! Na mtanielewa kwa nini nilizitoa. City walikuwa mbele 2-0, Aguero na Rodri. Dakika ya 41 El Ghazi anamimina krosi, Samatta anachupa, kichwa, kipa Bravo anabaki anaangalia wavuni. Mpira uliisha 2-1, Villa wakakosa kombe, lakini mtoto wa Mbagala alikuwa amefunga Wembley. Mimi nilikuwa kibanda umiza, nimebanwa kwenye benchi na watu ambao siku ya Simba na Yanga hawasalimiani, na siku ile tulikumbatiana wote. Kwa hiyo mtu akikwambia jezi yenyewe anayo, mkono unaenda mfukoni wenyewe.

Sasa tazameni mkono wa kulia hapa. Simba mwenye taji. Hii ni pachi ya Ligi Kuu ya Uingereza. Fainali ile ilikuwa ya Carabao, ndilo hilo Kombe la Ligi, shindano la EFL, waendeshaji wa madaraja ya chini ya Ligi Kuu, watu tofauti kabisa na hawa wa simba. Nikampigia muuzaji. Akageuza maneno palepale: basi ni ile ya Bournemouth.

Ya Bournemouth nayo si ndogo. Februari 1, 2020, Villa walifungwa 2-1, lakini bao lao ni la Samatta, kwa kichwa, na hapo ndipo Mtanzania alipofunga kwa mara ya kwanza Ligi Kuu ya Uingereza. Sawa, tufanye pachi inamtetea. Twende kwenye namba, maana namba haina mdomo wa kugeuza maneno.

Nazima taa ya chumba. Tochi ya simu msiishike juu, ilazeni pembeni, mwanga uteleze juu ya kitambaa. Hivi. Mnaiona hiyo 2? Imetulia kama kioo, kingo zake kali kama zimekatwa asubuhi ya leo. Sasa naweka pembeni jezi yangu ya ndondo, mechi zetu za mtaani. Hii nimeivaa mechi moja tu, Jumapili iliyopita, nikaifua mara moja kwa mkono. Sogea na kamera, sogea tena. Kona ya chini ya namba 8 imeanza kuinuka, na ukiibonyeza kwa kucha unaona vumbi limeganda kwenye gundi. Halafu huu mstari katikati. Hapa beki alinivuta. Kitambaa kinavutika, printi haivutiki kama kitambaa, ndiyo maana inapasuka nyufa nyembamba, kama tope la shambani jua likilipiga siku mbili. Hiyo ni mechi moja!

Sasa mfikirieni mshambuliaji wa kati. Kazi yake nusu ni kusimama ameupa mgongo goli, na beki nyuma yake amemwekea mkono hapa, juu ya namba. Anavutwa, anasukumwa, anaanguka. Na kama ni bao la Wembley, alichupa akaenda chini kwenye nyasi, kwa hiyo na hii W88 ya mbele ingekuwa na la kusema. Naipapasa kwa kidole. Laini. Hakuna uzi hata mmoja uliotoka.

Najua kuna atakayesema klabu zinafua jezi vizuri. Zinafua, ndiyo. Kufua kunatoa jasho na tope, hakuzibi ufa wa printi wala hakurudishi uzi uliovutwa. Na swali jingine la kumuuliza muuzaji: ni ya kipindi cha kwanza au cha pili? Wachezaji wengi hubadilisha jezi mapumziko. Bao la Wembley ni la dakika ya 41. Asiyejua jibu la swali hilo hana unachomdai zaidi ya hela yako.

Wenye fani yao wanalinganisha na picha za mechi, mshono kwa mshono. Jezi ya Maradona ya 1986, aliyobadilishana na Steve Hodge baada ya kuwafunga Uingereza, iliuzwa Mei 2022 kwa pauni zaidi ya milioni 7. Argentina walizinunua jezi zile palepale Mexico City, nembo na namba zikawekwa kwa haraka, kwa hiyo kila moja ilikuwa na makosa yake. Yale makosa ndiyo ushahidi.

Adidas nawasifu kwa hili: nembo ya jezi ya shabiki mara nyingi imedariziwa, ya mchezaji imebandikwa kwa moto, unaona bila tochi. Kappa wao nawapendea mkato. Tangu wawavalishe Italia ile Kombat ya kubana kwenye Euro 2000, wanajua kushona jezi ya mwili. Hata hii, hasira zangu pembeni, imekaa vizuri begani. Kariakoo ningeipata kwa elfu 30 na ningeondoka nimefurahi.

Kabla sijasahau, video sasa zinatoka Alhamisi, siyo Jumanne tena, kwa hiyo bonyezeni kengele. Na kama una jezi uliyoambiwa imechezewa mechi, nitumie picha ya namba, taa imezimwa, tochi pembeni, kama nilivyofanya hapa. Nitazijibu zote.

Muuzaji ameisoma meseji yangu tangu jana, hajajibu. Hii jezi siirudishi kabatini. Jumapili naivaa kwenye ndondo, dakika zote, na Alhamisi nailaza hapa mezani chini ya tochi hii hii tuione hiyo 20.