Mapitio: Nyaraka za Uhusiano wa Nje wa Marekani na juzuu yake ya Kongo

Miongoni mwa vitabu vya rejea vya historia ya siasa za nje, ni vichache ambavyo mwanafunzi wa Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi anaweza kuvifikia kwa wepesi kama mfululizo unaotolewa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kwa jina la Foreign Relations of the United States, ambao watafiti wamezoea kuuita FRUS. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1861, Rais Abraham Lincoln na waziri wake wa mambo ya nje, William Seward, walipoliwasilishia Bunge la nchi yao barua walizoandikiana na mabalozi katika mwaka wa kwanza wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tangu wakati huo zimetoka juzuu zaidi ya 450, na zinasomwa bila malipo katika tovuti ya Ofisi ya Mwanahistoria wa wizara hiyo, history.state.gov. Hapa nitautazama mfululizo huu hasa kupitia juzuu ya 23 ya kipindi cha 1964 hadi 1968, inayohusu Kongo (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) kuanzia mwaka 1960 hadi 1968, kwa kuwa humo uzuri na upungufu wake vinaonekana kwa pamoja, na kwa kuwa mambo yanayosimuliwa humo yaliwagusa watu wa ukanda wetu moja kwa moja.

Nianze na muundo, maana msomaji asiyeuelewa atapotea. Tangu enzi za Rais Kennedy, juzuu zimepangwa kwa kufuata vipindi vya marais, na ndani ya kila kipindi zimegawanywa kwa nchi, kanda au mada. Kila juzuu ina dibaji, orodha ya vifupisho, orodha ya watu waliotajwa pamoja na vyeo vyao, na maelezo ya hifadhi ambamo nyaraka zilitolewa. Kisha zinafuata nyaraka zenyewe kwa mpangilio wa tarehe, kila moja ikiwa na namba yake: telegramu za mabalozi, kumbukumbu za mazungumzo, muhtasari wa vikao vya Baraza la Usalama wa Taifa, na madokezo ambayo washauri walimwandikia rais.

Tanbihi ya kwanza ya kila waraka ndiyo hazina yenyewe. Inaeleza nakala ya asili imehifadhiwa wapi, ilikuwa na daraja gani la usiri, na mara nyingi nani aliiandaa na nani aliipitisha. Mahali ambapo maneno yameondolewa kwa sababu za usiri, wahariri huweka mabano na kueleza ni kiasi gani kilichozuiwa, iwe ni sehemu ya mstari au ni kurasa nzima, na katika juzuu za miaka ya karibuni hata waraka uliozuiwa wote hutajwa kwa namba na kichwa chake. Kwangu mimi hili ni jambo kubwa sana. Kitabu cha historia cha kawaida hakimwonyeshi msomaji kile ambacho mwandishi hakukiona, ilhali hapa pengo lenyewe linapimwa na kuandikwa.

Hata hivyo, mfululizo huu haukuwa mwaminifu hivyo wakati wote. Mwaka 1925 waziri wa mambo ya nje, Frank Kellogg, alitoa agizo kwamba wahariri wasiondoe jambo lolote kwa nia ya kuficha kasoro ya sera, lakini agizo hilo lilikutana na majaribu makali baada ya shirika la ujasusi la CIA kuanza kuendesha sehemu ya siasa za nje gizani. Mwaka 1989 ilitoka juzuu ya Iran ya miaka ya mwanzo ya 1950 ambayo haikueleza mchango wa CIA katika kumwangusha waziri mkuu Mossadegh mwaka 1953, ingawa mchango huo ulikuwa tayari ukijulikana kwa watafiti. Malalamiko ya wanahistoria yalikuwa makubwa, mwenyekiti wa kamati yao ya ushauri alijiuzulu, na mwaka 1991 Bunge likapitisha sheria inayotaka mfululizo uwe kamili, sahihi na wa kutegemewa, na utolewe kabla ya miaka 30 kupita tangu matukio yatokee. Juzuu mpya ya Iran yenye nyaraka zilizokosekana ilikuja kutoka mwaka 2017.

Kongo ina kisa kinachofanana na hicho, na msomaji wa kwetu anapaswa kukijua kabla ya kunukuu chochote. Juzuu mbili za awali kuhusu mgogoro wa Kongo zilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Moja inaishia mwaka 1960, nyingine inaanzia mwaka 1961. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa katika jimbo la Katanga tarehe 17 Januari 1961, siku tatu kabla ya Kennedy kuapishwa, kwa hiyo kifo chake kiliangukia katika mshono wa juzuu hizo mbili, na mpango wa siri wa Marekani nchini humo haukuwekwa wazi katika juzuu yoyote kati ya hizo. Mwanafunzi aliyezitegemea peke yake angeweza kuandika tasnifu nzima juu ya Umoja wa Mataifa, Katanga na Tshombe, kiongozi aliyelitangaza jimbo hilo kujitenga, huku akiamini kwamba Washington ilikuwa ikishughulika na diplomasia ya kawaida.

Juzuu ya 23, iliyotoka mwaka 2013, ilikuja kuziba pengo hilo. Ndiyo maana inarudi nyuma hadi 1960 ingawa imewekwa katika kipindi cha Rais Johnson. Sehemu yake ya kwanza inaonyesha mawasiliano ya CIA na kituo chake cha Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, katika miezi baada ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, ikiwa ni pamoja na telegramu ya Agosti ambamo mkuu wa shirika hilo, Allen Dulles, alieleza kwamba kumwondoa Lumumba ni lengo la haraka. Msomaji anaweza kufuata jinsi fedha zilivyopangwa kwa wanasiasa na jinsi Mobutu, mkuu wa jeshi, alivyotazamwa tangu alipojitokeza mbele mnamo Septemba mwaka huo. Ni usomaji mzito unaoumiza. Lugha ya telegramu ni kavu na fupi, nayo inazungumzia uhai wa waziri mkuu aliyechaguliwa kana kwamba ni shughuli ya ofisi. Naona ukavu huo una manufaa kwa mtafiti, kwa kuwa unamwachia hukumu msomaji mwenyewe.

Sehemu ya pili inahusu miaka ya 1964 hadi 1968, na hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia waziwazi. Waasi waliojiita Simba, kwa jina la Kiswahili, waliiteka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, mwezi Agosti 1964, na wakawashikilia mateka raia wa kigeni, akiwemo balozi mdogo wa Marekani. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulimpa Jomo Kenyatta uenyekiti wa kamati ya upatanishi. Tarehe 23 Novemba balozi wa Marekani jijini Nairobi, William Attwood, alikutana na mjumbe wa waasi, Thomas Kanza, mbele ya Kenyatta. Alfajiri iliyofuata askari wa miavuli wa Ubelgiji walishushwa Stanleyville kutoka katika ndege za Marekani. Kumbukumbu za siku hizo zimejaa shinikizo la saa, na zikisomwa kwa mfuatano wa tarehe na muda wa kutumwa, zinamwezesha mwalimu kuendesha somo zima la diplomasia ya dharura: nani alijua nini, na alikijua saa ngapi.

Udhaifu wa juzuu hii ni wa aina tatu, nao haulingani kwa uzito. Mdogo kabisa ni bei na upatikanaji wa nakala za karatasi, ambao hautusumbui sana kwa kuwa toleo la kielektroniki hupakuliwa bure na hufunguka vizuri hata kwenye simu. Wa pili ni ucheleweshaji: sheria ya 1991 inasema miaka 30, lakini juzuu inayoishia mwaka 1968 ilitoka baada ya miaka 45, na bado imekatwa katika sehemu nyingi. Wa tatu ni mzito zaidi. Sauti zote zimepita katika kalamu ya Mmarekani. Kenyatta, rais wa Kongo Kasavubu, Tshombe na kiongozi wa waasi Gbenye wanazungumza humu kama walivyosikika kwa mabalozi na majasusi, tena kwa tafsiri. Hali ni hiyohiyo katika juzuu ya Kusini mwa Afrika ya 1969 hadi 1976, yenye mazungumzo ya waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Henry Kissinger, na Mwalimu Nyerere mwaka 1976 kuhusu Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Kumbukumbu hizo ni za thamani kubwa, lakini aliyeziandika ni msaidizi wa Kissinger. Anayetaka kuielewa sera ya Tanzania itambidi azilinganishe na hotuba za Mwalimu, magazeti ya wakati ule na nyaraka za nchi zilizokuwa mstari wa mbele.

Kwa walimu wa vyuo, wanafunzi wa uhusiano wa kimataifa na waandishi wa habari wanaofuatilia Maziwa Makuu, ninaipendekeza juzuu hii bila kusita, kwa sharti la namna ya kuisoma. Waanze na dibaji, kwa sababu ndiyo inayokiri upungufu wa juzuu zilizotangulia. Watazame mwaka wa kuchapishwa kabla ya mwaka wa matukio, kwa kuwa juzuu ya 1994 na ile ya 2013 zinamsimulia Lumumba kwa viwango tofauti kabisa vya ukweli. Wanaponukuu, wataje namba ya waraka pamoja na hifadhi iliyoandikwa katika tanbihi ya kwanza, ili mtu mwingine aweze kuifuata nakala ya asili na kuona iwapo maneno yaliyofichwa yameshafunguliwa. Maktaba ya chuo isiyo na fedha ya kununua mikusanyiko ya nyaraka inaweza kupakua juzuu zote tatu za Kongo pamoja na ile ya Kusini mwa Afrika, na kuzihifadhi katika kompyuta zake ili wanafunzi wazisome hata mtandao unapokatika.