Nazi ya kukuna au tui la boksi?

Kwa mpishi wa Dar anayebana matumizi, mimi nasimama na nazi nzima. Ukiwa Kariakoo au Tandale, itikise sikioni: isiyolia maji iache, na yenye ukungu kwenye macho yake iache pia. Ikishakunwa, mimina maji ya uvuguvugu, kamua, weka tui zito pembeni. Machicha usiyatupe! Yatie maji tena, ukamue mara ya pili, hata ya tatu. Tui hilo jepesi ndilo la kuchemshia maharage au kisamvu. Tui zito linaingia mwishoni, moto mdogo, huku unakoroga ili lisikatike. Machicha yakibaki, wape kuku.

Tui la boksi linaokoa muda, hilo nakubali, hasa kwa anayerudi kazini usiku. Ila ukishalifungua, kwa joto letu hili halikai nje. Linalobaki ligandishe kwenye trei ya barafu, uwe unatoa vipande kadiri ya mchuzi. Asiye na friji anunue boksi dogo, au akakunishe nazi moja kwa mwenye mashine sokoni.