Huduma ya kuotesha mkojo katika maabara moja ya mtaani, Mwanza

Katika maduka mengi ya dawa, mtu akieleza kwamba anasikia maumivu anapokojoa na haja ndogo inambana kila mara, huondoka na antibayotiki ya siprofloksasini bila kupimwa chochote. Ndiyo maana ninaithamini sana maabara binafsi ya mtaani kwetu, ambayo huotesha mkojo, yaani hukuza bakteria waliomo na kuwajaribu kwa dawa mbalimbali hadi ijulikane ni ipi bado inawaweza.

Nilimsindikiza shangazi yangu, ambaye U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ilikuwa ikimrudia kila anapomaliza dozi. Mhudumu, binti mdogo mwenye adabu, alimwamkia, akamweleza faraghani kwamba ajisafishe kwanza, auache mkojo wa mwanzo upite, kisha akinge ule wa katikati, kwa kuwa bakteria wa ngozini wakiingia kichupani majibu hupotosha. Alimuuliza pia kama ametumia antibayotiki siku za karibuni, swali muhimu ambalo kwenye maduka ya dawa huulizwa kwa nadra mno. Sampuli iliwekwa kwenye jokofu papo hapo, na hilo lilinipa imani, kwani mkojo ukikaa kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, bakteria wachache huzaliana wakaonekana wengi.

Majibu yalionyesha Escherichia coli, bakteria anayesababisha sehemu kubwa ya maambukizi haya, akiwa sugu kwa ampisilini, kotrimoksazoli na siprofloksasini. Nitrofurantoini ilikuwa bado inafanya kazi. Daktari aliiandika baada ya kuhakikisha kwamba figo za shangazi ni nzima na kwamba maambukizi yako kwenye kibofu tu, kwa sababu dawa hiyo haitibu maambukizi ya figo. Hali kama yake si ya nadra: utafiti wa HATUA kuhusu usugu wa bakteria kwa dawa, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ukihusisha wagonjwa wa Mwanza pia, ulikuta usugu kwa makundi kadhaa ya dawa katika zaidi ya nusu ya maambukizi yaliyothibitishwa hapa Tanzania.

Kasoro zipo. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu, na gharama yake inazidi mbali ile ya kipimo cha kijiti kinachochovywa kwenye mkojo. Linalonisikitisha zaidi ni karatasi ya majibu, ambayo imejaa herufi S, I na R, zinazoonyesha kila dawa inawaweza bakteria kwa kiasi gani, bila maelezo yoyote ya Kiswahili, hivyo mgonjwa asiye na daktari wa karibu anaweza kuipeleka dukani na kuuziwa dawa ileile iliyoandikiwa R, yaani ile ambayo bakteria wake ni sugu kwayo.

Kwa mjamzito, kwa mwanamume, na kwa yeyote ambaye ugonjwa umemrudia, ninaipendekeza huduma hii bila kusita. Mwenye homa, kutapika au maumivu ya ubavuni aende hospitali siku hiyohiyo, atoe sampuli hukohuko na kuanzishiwa matibabu wakati majibu yanasubiriwa.